Bara la vijana? Njoo Machame mwezi wa tisa

Kila ukifungua mtandao siku hizi kuna mtu kavaa suti yuko jukwaani anasema Afrika ni bara la vijana, umri wa kati miaka 19, kesho ni yetu, watu wanapiga makofi wanaenda kunywa chai. Na sio uongo jamani, ukiwapanga Waafrika wote mstari mmoja kuanzia kichanga cha leo asubuhi mpaka bibi mkongwe kuliko wote, yule atakayesimama katikati ana kama miaka 19 hivi, Ulaya wa katikati kavuka 42 na Japani anakaribia 50. Hapo sina ubishi. Kinachoniudhi ni kwamba ikishasemwa hiyo basi habari ya wazee inafungwa, kana kwamba uzee ni shida ya Wazungu na Wajapani, sisi bado sana.

Kwetu ni Machame, wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, mgombani kabisa. Ukitaka kunielewa njoo mwezi wa tisa. Desemba usije, Desemba ni maigizo, barabara ya Chalinze kwenda Korogwe imejaa magari yanayopanda kaskazini, kila kihamba, yaani kila shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kuna mbuzi anachinjwa na spika inapiga mpaka alfajiri, ukiona vile utasema huku kuna watu. Ikifika tarehe 3 au 4 Januari wote wameshuka. Mwezi wa tisa ndo utauona mlima ulivyo, unatembea kutoka barabarani mpaka nyumbani unatoa shikamoo tu, hakuna wa kukupa wewe. Nyumba ni nzuri, usipime, bati za rangi, geti, vyumba vinne na vyote vina choo ndani, watoto wa Dar na Arusha wamejenga, ila anayeishi humo ni mama mmoja wa miaka 78 na binti wa kazi, na huyo mama mwenyewe mchana kutwa yuko kwenye jiko la zamani kule nyuma manake hilo la gesi halielewi. Kahawa imezeeka, mwenye kahawa kazeeka, na wa kupanda miche mipya yuko Kariakoo anauza simu.

Sa ukiangalia sensa za Tanzania, watu wenye miaka 60 na kuendelea hawafiki hata 6 katika kila 100. Ndogo, si ndiyo? Lakini hiyo 6 hakuna mtu anayeishi ndani yake. Kilimanjaro iko kati ya mikoa yenye wazee wengi zaidi kwa asilimia, Dar iko kule chini kabisa, na sababu wala haihitaji profesa, vijana waliotoka kule ndo hao hao wamejaa Mbagala na Kimara. Nchi haijazeeka ila kijiji kimezeeka, na mzee anaishi kijijini, haishi kwenye wastani wa taifa.

Nilipoanza kuifuatilia hii kitu ya bara zima nikakuta mambo ni yale yale kwa ukubwa zaidi. Umoja wa Mataifa walihesabu Waafrika wa miaka 60 na kuendelea mwaka 2015 wakapata kama milioni 64, na wanategemea kufika 2050 watakuwa wamepita milioni 200. Mara tatu na ushee. Sa mbona asilimia haionekani kupanda sana? Ni kama chumvi kwenye sufuria, unaongeza chumvi huku mwenzio anaongeza maji, ukionja unasema mbona haijakolea. Maji ni watoto. Niger karibu nusu ya watu wote hawajafika miaka 15, kwahiyo wazee hata wawe wengi vipi wanamezwa kwenye hesabu, ila wapo, wana magoti yanayouma na presha kama wa kwingine.

Hiki kitu wengi tunakichukulia kinyume kidogo, tunadhani nchi inazeeka kwa sababu watu wanaishi muda mrefu. Hiyo ipo lakini ni sehemu ndogo, nchi inazeeka zaidi kwa sababu ya wodi ya wazazi, yaani watoto wakipungua huku chini basi hata kama hakuna mzee hata mmoja aliyeongezeka, nchi kwa asilimia imezeeka. Ndo maana huwezi kuizungumzia Afrika kama kitu kimoja, manake wodi za wazazi hazifanani kabisa.

Chukua Tunisia. Habib Bourguiba, aliyekuja kuwa rais wao wa kwanza, kaingia tu uwaziri mkuu 1956 akapiga marufuku kuoa wake wengi, miaka ya sitini mwanzoni wakaruhusu vidonge na mipira ya kuzuia mimba, katikati ya miaka hiyo hiyo wakaanza mpango wa taifa wa uzazi, wakati huo mwanamke wa Tunisia alikuwa anazaa watoto kama saba. Leo hawafiki wawili. Sensa yao ya 2024 imekuta watu wa miaka 60 na kuendelea wanakaribia asilimia 17. Morocco nao walihesabu mwaka huo huo 2024, miaka kumi nyuma wazee walikuwa asilimia 9 na kitu, sasa hivi wanakaribia 14, na wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka chini ya wawili kidogo. Miaka kumi tu hiyo, mtoto aliyezaliwa wakati wa sensa ile hajamaliza hata shule ya msingi hii nyingine inaingia, na nchi imeshabadilika sura. Ufaransa kutoka asilimia 7 ya watu wa miaka 65 na kuendelea mpaka 14 ilichukua zaidi ya miaka 100, walipata muda wa kujenga reli, mifuko ya pensheni, hospitali, kila kitu, wakati wanazeeka wana hela. Japani ilichukua kama miaka 24, kutoka 1970 hadi 1994, na wao walikuwa tayari ni Wajapani wa Toyota na Sony. Tunisia haitachukua hata nusu ya muda wa Ufaransa na hela ya Japani haina, na juu ya hapo vijana wake wanavuka bahari kwenda Italia na Ufaransa, sehemu ambazo nazo zimejaa wazee, wanaowaacha nyuma ni wazazi.

Mauritius ndo wako mbali zaidi, karibu mtu mmoja katika kila watano ana miaka 60 au zaidi. Hawa walianza kulipa pensheni kwa kila mzee tangu 1958, hata uhuru walikuwa bado, hawaulizi ulifanya kazi wapi, ulikuwa ukifika 60 unachukua chako. Ila 2025 serikali ikasema hela haitoshi, umri utapandishwa kidogo kidogo mpaka 65, watu wakaingia barabarani. Huo ndo ugomvi wa nchi iliyozeeka. Sisi kwa pensheni ya kila mzee hatujafika hata kwenye hatua ya kugombana.

Kusini kuna kitu kinanivutia zaidi. Afrika Kusini pensheni ya wazee ilianza 1928 lakini ilikuwa ya wazungu na wale walioitwa machotara, Waafrika weusi waliingizwa 1944 kwa kiwango cha chini, na viwango vikaja kulingana 1993, yaani mpaka ubaguzi unakata roho. Leo mtu akifika 60 na kipato chake ni kidogo analipwa kila mwezi, na ukienda Eastern Cape vijijini utakuta hali kama ya Machame, vijana wako Johannesburg na Cape Town, bibi yuko na wajukuu, ila tofauti ni kwamba yule bibi ndo mwenye hela ndani ya nyumba. Mchumi Esther Duflo, ambaye baadaye alipata Nobeli 2019, alichunguza hizo pensheni akakuta ikipokelewa na bibi, wajukuu wa kike wanaoishi naye wanakuwa na afya na urefu mzuri zaidi, ikipokelewa na babu haioneshi kitu. Nilimsomea shangazi yangu hiyo akaniambia hata bila Nobeli angeniambia.

Na msiniambie ni kwa sababu Afrika Kusini ni tajiri. Lesotho sio tajiri, ni milima na mbuzi, na tangu 2004 wanalipa karibu kila mzee aliyefika 70, kwa bajeti yao wenyewe. Tena Lesotho wazee wao wamelea yatima kwelikweli, UKIMWI ulipita na kizazi cha katikati.

Hilo la yatima Watanzania tunalijua mapema kuliko wengi, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera 1983, na miaka ya tisini ukienda Bukoba vijijini ulikuta nyumba ina bibi na watoto sita, katikati hakuna mtu. Wale watoto sasa ni watu wazima wa miaka arobaini, na wale mabibi wengi wao wamekufa bila senti ya pensheni, walilima maharage na ndizi mpaka siku ya mwisho. Upande wa pili wa ziwa nako, Mwanza, Shinyanga, Simiyu, mabibi walikuwa wanauawa kwa macho mekundu. Mwanamke kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi umemharibu macho, afu jirani anasema mchawi. Kuna miaka kadhaa, hasa karibu na 2013, ripoti za haki za binadamu zilikuwa zinataja mauaji ya aina hiyo kwa mamia ndani ya mwaka mmoja. Mara nyingi ukichimba nyuma yake unakuta shamba, bibi ana shamba na watoto wa ndugu wanalitaka. Yaani kanda moja mzee anaachwa peke yake kwenye nyumba ya vigae, kanda nyingine anaogopa kulala kwake, na zote ziko ndani ya ile 6 ndogo katika 100.

Kenya nao wana dunia mbili ndani ya nchi moja. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto 8 kwa wastani, ilikuwa ni kati ya rekodi za dunia, utafiti wa afya wa 2022 umekuta 3.4. Ila kwenye huo huo utafiti Nairobi ni 2.5 na Mandera ni 7.7. Mandera ina ujana wa Niger, Nairobi inaelekea kwenye njia ya Tunisia, mtu akikwambia Kenya inazeeka muulize Kenya ipi. Wazee wa miaka 70 na kuendelea wana ile Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila nikiongea na Wakenya wanalalamika inachelewa, inakaa miezi afu inakuja kwa mkupuo. Kuchelewa ni vibaya sawa, lakini huwezi kulalamikia kuchelewa kwa kitu ambacho hakipo, sisi wa Bara hapa hatuna hata cha kuchelewa.

Nasema Bara makusudi. Zanzibar wanalipa. Aprili 2016 walianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, masikini kwa tajiri, aliyekuwa na ajira na aliyekuwa anavua pweza, na ni hela ya serikali yao wenyewe sio ya mfadhili, baadaye wakapandisha ikawa 50,000. Bibi wa Makunduchi anapata, bibi wa Machame hapati, na wote wana kitambulisho cha nchi moja.

Na hapa ndo napandisha presha. Nchi nzima tumegombana miaka kuhusu kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu. 2018 kanuni zikaja mstaafu apewe asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo, kelele, Magufuli akasimamisha, 2022 ikawa 33, 2024 ikasogezwa tena juu hadi 40 kwa kundi la watumishi waliokuwa wameumia zaidi. Ni vita halali kabisa, kaka yangu ni mwalimu, namuelewa. Lakini kikokotoo kinamgusa aliyekuwa na ajira rasmi, na wazee wengi wa nchi hii hawajawahi kusaini payroll hata siku moja, walilima, walivua, walichunga, waliuza vitumbua. Hao hawana formula ya kugombania. Wako kimya, na mwenye kukaa kimya hatajwi bungeni, TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, inawafikia baadhi lakini hiyo ni habari nyingine, unalipwa kwa sababu u masikini sio kwa sababu umezeeka.

Upande wa afya Bara kuna sera tangu 2003 na matibabu bure kwa mzee wa miaka 60 asiyejiweza, kuna dirisha la wazee, kuna kibao kabisa kimeandikwa mzee apishwe. Mama nilimpeleka kliniki ya presha kwenye hospitali moja huko nyumbani, dirisha la wazee lilikuwepo na foleni ya dirisha la wazee ilikuwa ndefu kuliko ya kawaida, manake huko wazee ndo watu wenyewe! Akaonwa bure, vizuri kabisa, kwa heshima, shikamoo mama karibu mama, afu dawa hakuna, kanunue nje. Na hilo la nje ndo lenye bei.

Kuna jambo lingine halisemwi. Hai ni sehemu mojawapo ya chache Afrika ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba, mwaka 2009 na 2010, kupima wazee wa miaka 70 na kuendelea kuhusu huu ugonjwa wa kusahau, wakakuta kama 6 katika 100 wanao, kiwango ambacho hakipishani sana na nchi za Ulaya. Na karibu wote walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa. Mama mkubwa wangu alikuwa hivyo, usiku anatoka kwenda kutafuta ng'ombe aliyeuzwa zamani sana, anamuuliza kila mtu baba yake yuko wapi, na majirani walikuwa na majibu mawili tu, uzee huo, au kuna mtu kamfanyia kitu. Hakuna aliyesema ni ubongo unaumwa. Dada wa kazi watatu waliondoka, na siwalaumu, binti wa miaka 17 anayelipwa vile tunavyolipa hakuajiriwa kulinda mlango usiku kucha.

Umoja wa Afrika wana itifaki yao ya haki za wazee, ilipitishwa Addis Ababa Januari 2016, ikaja kuanza kutumika 2024 baada ya nchi 15 kuridhia. Miaka nane kutafuta sahihi 15 kati ya nchi 55, ukitaka kujua wazee wako namba ngapi kwenye orodha, hapo pametosha.

Najua mtu ataniambia sisi Waafrika hatuhitaji hayo ya Wazungu, sisi tuna familia. Kweli, tuna familia, na ngoja niwape hesabu ya familia yangu. Mama alizaa saba na wote tuko hai, Mungu ni mwema. Dada wa Moshi mjini ndo wa hospitali, kaka wa Mwanza analipa binti wa kazi, mimi ni umeme, dawa na king'amuzi, wengine wanaingia kwenye dharura, group ya WhatsApp inaitwa Mama Kwanza na kuna mtu mmoja huwa anasoma meseji za michango afu anakaa kimya, anajijua. Mzigo ukigawanywa kwa saba unabebeka, na bado tunagombana. Sasa mimi nina watoto wawili. Dada zangu wana wawili, watatu, mdogo wetu wa mwisho ana mmoja na amesema kafunga. Ile kitu ya Tunisia haipo Tunisia tu, imeshaingia kwenye ukoo wetu na haikupiga hodi, na Kilimanjaro na Dar wastani wa watoto uko chini sana ukilinganisha na Kanda ya Ziwa na magharibi kule, ambako bado watoto wengi ni kawaida. Ikifika 2050 mimi nitakuwa kwenye zile milioni 200, na michango ya Baba Kwanza itagawanywa kwa wawili, ambao wote wawili wanaongelea kwenda Kanada.

Kwahiyo nimeanza kuweka kidogo kidogo NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mpango wa waliojiajiri. Nilipomwambia mke wangu akacheka, anasema hiyo hela tungenunua ng'ombe wa maziwa wawili tukawaweka kwa mama, ng'ombe anazaa, NSSF haizai. Tumebishana wiki nzima. Nikamuuliza huyo ng'ombe nani atamkatia majani, hajanijibu mpaka leo.